Kokteli ya mwenye kisukari: nanasi au dafu?

Nanasi la Kiwangwa linanoga kwenye kokteli, hilo sibishi. Ila mililita 250 za juisi yake, hata isiyotiwa sukari, zina gramu 25 hivi za sukari, na nyuzinyuzi zimebaki kwenye chujio. Maji ya dafu, kipimo hichohicho, ni gramu 6 hadi 9.

Mimi nachukua dafu la baiskeli, pale Kariakoo. Ya chupa mengine yametiwa sukari. Nusu glasi, ndimu nzima, majani ya mnanaa, maji ya gesi, toti moja ya Konyagi. Toniki ya kawaida iache, ina sukari. Umelikumbuka nanasi? Ponda kipande kimoja humo.

Anayetumia insulini ale kwanza: pombe huweza kushusha sukari saa kadhaa baadaye, amelala.