Breki mpya kwenye Land Rover 109: uzoefu wangu na seti ya kuagiza

Gari la nyumbani kwetu ni Land Rover Series III, ile ndefu ya 109, ya mwaka 1978. Kazi yake ni kushuka Mombo na kupanda tena Lushoto, kilometa 33 za kona tupu. Aliyewahi kuendesha barabara ile na mzigo wa viazi nyuma anajua kwamba huku kwetu injini mbovu ni usumbufu tu, lakini breki mbovu ni msiba. Mwaka huu pedeli ikaanza kutaka kukanyagwa mara mbili ndipo ishike, na ikishika, gari linavutia kushoto. Nikamwambia baba, gari halitoki tena mpaka nilifungue magurudumu yote manne.

Tatizo lilikuwa mbele kulia. Oili sili ya habu, ile raba inayozuia grisi ya kitovu cha gurudumu, ilikuwa imekufa, lainingi (zile kanda zinazosugua dramu) zimelowa grisi mpaka zinang'aa, na nilipoinua raba ya wili silinda, kile kisilinda cha kila gurudumu kinachosukuma breki, kwa ncha ya bisibisi, mafuta ya breki yakachuruzika. Upande wa kushoto ulikuwa unafanya kazi peke yake, ndiyo maana gari lilikuwa linavuta huko.

Zamani tulikuwa tunapeleka shuu, vile vyuma vya nusu duara vinavyobeba lainingi, kwa fundi anazipigilia lainingi mpya kwa ribiti. Safari hii niliagiza seti nzima kwenye duka moja la Dar es Salaam: shuu za magurudumu yote, springi, hosipaipu tatu na wili silinda sita. Ni sita kwa sababu kwenye 109 kila gurudumu la mbele lina silinda mbili, la nyuma moja. Bei ilikuwa karibu nusu ya bei ya vipuri vyenye chapa kubwa. Mzigo ulipakiwa kwenye basi, siku ya pili nikaupokea stendi.

Nianze na shuu, maana hapo sina lalamiko. Zilikaa kwenye bamba bila kupigwa nyundo, na lainingi zilikuwa na unene ule ule kila upande. Springi nazo ni ngumu inavyotakiwa. Dramu zangu za inchi 11, zile ngoma zinazozunguka na gurudumu, zilikuwa zimeota ukingo kwa kuliwa, nikazipeleka kukerezwa. Usifunge shuu mpya kwenye dramu yenye mifereji, utakuwa umetupa pesa.

Silinda ndizo zilizonipa shida. Tano zilikuwa sawa. Ya sita, kwa macho, ilikuwa pacha wao kabisa: rangi ile ile, boksi lile lile. Nikashika nati ya paipu ya zamani, nikaizungusha kwa vidole ikaingia vizuri sana, vizuri kupita kiasi. Nikaitikisa, ikacheza. Nikamwita mzee jirani yetu, fundi wa Land Rover tangu ujana wake. Akaitikisa mara moja tu akanirudishia. "Mwanangu, hii ya kwako ni nyuzi za inchi, na tundu ni la milimita. Ukikaza itashika leo, siku utakayokanyaga kwa nguvu itang'oka."

Alikuwa sahihi. Nati za paipu za gari langu ni za inchi 3/8, yaani milimita 9.5 hivi, na tundu la silinda ile lilikuwa la milimita 10. Tofauti ni nusu milimita, na nyuzi zake zinakaribiana kiasi kwamba moja inaingia kwenye nyingine bila kulalamika. Ningekuwa na haraka, au ningekuwa nafanya kazi usiku kwa tochi, ningeikaza. Nilipowapigia duka walikubali kubadilisha bila ubishi, nawashukuru kwa hilo, lakini gari lilikaa juu ya mawe siku nne zaidi. Na kosa kama hilo kwenye breki halipaswi kumfikia mteja.

Kuhusu hayo mawe. Hendibreki ya Series haishiki magurudumu, inashika shafti nyuma ya giaboksi. Ukiinua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, difu, yaani gia za katikati ya ekseli, inaruhusu lile la hewani kuzunguka na gari linaweza kuondoka hata kama hendibreki umeivuta. Langu lilisogea upana wa kiganja likagota kwenye jiwe. Weka mawe magurudumu mengine yote kabla ya kugusa jeki, tafadhali. Na vumbi la ndani ya dramu usilipulize kwa kompresa kama wanavyofanya gereji nyingi. Lainingi za zamani zilikuwa na asbesto. Lilowanishe, ulifute kwa kitambaa, ukitupe.

Kutoa upepo kwenye paipu za breki kulikula nusu siku. Kwanza nililegeza adjasta zote, zile za kusogeza shuu karibu na dramu, ili shuu zirudi ndani na silinda zisibaki na nafasi kubwa ya hewa. Nikaanza nyuma kushoto, gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda (ile inayosukuma mafuta ukikanyaga pedeli), mdogo wangu akiwa kwenye pedeli: kanyaga, shikilia, achia. Mbele kulia mapovu yalitoka madogo madogo kama ya soda kwa muda mrefu, mpaka nikadhani kuna paipu inayonyonya. Kumbe ni subira tu. Nilitumia mafuta ya breki ya DOT 4 ya kopo jipya. Ikiwa mpya haichemki chini ya nyuzi joto 230, lakini inanyonya unyevu, na ikishalowa kiwango kinaweza kushuka hadi 155. Kwa mteremko wetu na ukungu wetu, kopo lililokaa wazi dukani silitaki.

Jumapili alfajiri nikashuka hadi Soni, gia ya pili, gari tupu. Pedeli inashika juu, mara moja. Niliachia usukani kidogo kwenye kipande kilichonyooka nikakanyaga: likasimama bila kuvuta popote. Likirudi nyuma breki za mbele ni dhaifu, lakini ndivyo 109 ilivyoundwa, maana shuu zote mbili za mbele zinajikaza gurudumu likizunguka kwenda mbele.

Shuu, springi na hosipaipu za seti hii ningenunua tena kesho. Silinda ningezinunua dukani kwa mkono wangu, nati ya zamani ikiwa mfukoni, nijaribu moja baada ya nyingine. Nimeshatembea kilometa 400, shuu zimeanza kujikalia na pedeli imeshuka kidogo, kwa hiyo Jumamosi nakaza adjasta tena kabla baba hajapakia viazi.