Marvel's Spider-Man: gemu bora pale linapomwamini mchezaji

Anayelishika gemu la Spider-Man, shujaa anayepita jijini kwa kurusha utando, hutaka jambo moja kabla ya mengine yote, nalo ni kubembea. Hadithi nzuri, picha za kuvutia na maadui mashuhuri vyote huja baadaye, kwa sababu ikiwa safari ya kupita juu ya jiji kwa utando haina raha, hakuna kitakacholiziba pengo hilo. Marvel's Spider-Man, gemu lililoundwa na studio ya Insomniac Games ya California na kutolewa kwa mashine ya michezo ya PlayStation 4 tarehe 7 Septemba 2018, limelielewa jambo hili vizuri kuliko mengi yaliyolitangulia. Nimelicheza hadi mwisho pamoja na sura zake tatu za nyongeza, na ninaona kwamba ubora wake na udhaifu wake vina chanzo kimoja. Pale wabunifu walipomwamini mchezaji, kazi yao ni ya kupigiwa mfano. Pale waliposita kumwamini, gemu linapwaya.

Kubembea kwenyewe ni rahisi kujifunza lakini si rahisi kukumudu kikamilifu. Mchezaji hushikilia kitufe cha R2 kwenye kidhibiti, utando huruka na kunata kwenye jengo, na mwili wa Spider-Man huanza kushuka kwa kasi kuelekea barabarani. Akiachia kitufe anapofika chini kabisa, hutupwa mbele. Akisubiri hadi pembea ipande, hurushwa juu. Katika maamuzi hayo madogo, yanayofanywa kila baada ya sekunde chache, kuna ustadi ambao hukua bila mchezaji kuambiwa kwamba anajifunza. Wazo la utando kunata kwenye kitu halisi badala ya kuning'inia hewani si geni, kwani gemu la Spider-Man 2 la mwaka 2004 lililoundwa na studio ya Treyarch lilikuwa limeshalitekeleza, lakini hapa limeungwa na mbinu nyingine za mwendo, kama kukimbia ukutani, kujivuta hadi ncha ya mnara na kuruka kutoka hapo bila kusimama, kiasi kwamba safari nzima huwa mwendo mmoja usiokatika.

Jambo ninalolithamini zaidi ni kwamba umbo la Manhattan, sehemu ya jiji la New York ambamo gemu linachezwa, lina maana. Katika wilaya ya fedha iliyo kusini, majengo marefu yaliyosongamana huruhusu pembea ndefu na za kasi. Ukifika Harlem, ambako mapaa ni ya chini zaidi, inabidi uchanganye kubembea na kukimbia juu ya nyumba, na ndani ya Central Park huna ila miti, hivyo kasi hupungua na mdundo hubadilika. Wabunifu wangeweza kuficha ugumu huo kwa kuruhusu utando kunata popote, lakini waliuacha, na walifanya vyema. Vilevile waliamua kwamba kuanguka hakumdhuru shujaa hata akidondoka kutoka ghorofa ya juu kabisa. Uamuzi huo humpa mchezaji ruhusa ya kujaribu, naye hushuka chini zaidi, karibu kugusa magari, kwa kuwa kosa halimgharimu chochote isipokuwa mwendo wake.

Sauti nayo imefikiriwa kwa makini. Muziki wa John Paesano hupanda Spider-Man anaporuka na kutulia anapokanyaga ardhi. Mwigizaji Yuri Lowenthal, anayempa Spider-Man sauti, alirekodi maneno mengi mara mbili, mara moja kwa sauti ya mtu aliyetulia na mara nyingine kwa sauti ya mtu anayetumia nguvu, ili mazungumzo ya simu anapobembea yasikike kama ya mtu anayebembea kweli. Wachezaji wengi hawatalitambua jambo hilo, ila wangehisi kasoro kama lisingekuwepo.

Mapambano yamejengwa juu ya msingi huohuo wa uhuru. Hakuna kitufe cha kukinga, kwa hiyo mwenye kusimama mahali pamoja hupigwa. Mistari inayowaka kuzunguka kichwa cha Spider-Man humwonya mchezaji kwamba shambulio linakuja, naye hana budi kukwepa, kuruka au kupita chini ya miguu ya adui. Mwenye ngao lazima apitiwe chini na kupigwa kutoka nyuma. Jitu lenye nguvu lazima lifungwe kwa utando kwanza. Mwenye bunduki ni bora anyang'anywe silaha yake kabla hajalenga. Yote hayo yanategemea kipimo kimoja cha umakini kinachojaa kadiri unavyopiga na kukwepa kwa wakati. Kikishajaa, una njia mbili: ukitumie kummaliza adui mmoja papo hapo, au ukitumie kujiponya. Sijaona mara nyingi kanuni fupi kama hii ikizaa mvutano mkubwa hivi. Unapozingirwa na watu wanane, afya yako ikiwa imebaki kidogo na mmoja wao anajiandaa kurusha kombora, swali la kujiponya au kumwondoa huyo wa kombora ni swali la kweli, na jibu lake hubadilika kila pambano.

Liko jambo dogo linaloonyesha jinsi wabunifu walivyomheshimu mhusika wao. Ukimpiga adui teke akatumbukia kutoka juu ya paa, utando hujirusha wenyewe na kumgandisha kwenye ukuta wa jengo, akabaki hai. Spider-Man haui, na hapa mchezaji hawezi kumfanya aue hata kwa bahati mbaya.

Vifaa havikupewa uzito ulio sawa. Viko vinane, lakini utando mzito unaomgandisha adui ukutani kwa pigo moja una nguvu kupita kiasi, hata ukikuacha bila sababu ya kugusa vingine. Dosari hiyo mchezaji anaweza kuirekebisha mwenyewe kwa kujinyima. Uwezo maalumu unaokuja na mavazi, kwa upande mwingine, umepangwa kwa busara, kwani ukishaufungua unaweza kuutumia ukiwa umevaa vazi lolote, na hulazimiki kuchagua kati ya mwonekano unaoupenda na nguvu unayoihitaji. Mapambano dhidi ya maadui wakuu yanapanda na kushuka. La Electro na Vulture, linalopiganwa angani juu ya kituo cha umeme, linatumia kila ulichojifunza katika kubembea. La Shocker, ndani ya benki, linakutaka usubiri, utupe kifusi, upige, kisha urudie tena.

Udhaifu mkubwa zaidi umo katika misheni za kunyemelea, hasa zile ambazo mchezaji huacha kuwa Spider-Man na kuwa mwandishi wa habari Mary Jane Watson au kijana Miles Morales. Nia yake naielewa. Hadithi inahitaji watu wasio na uwezo wa ajabu, na mtu aliyezoea kuruka juu ya minara anapaswa kuuhisi udhaifu wa binadamu wa kawaida. Lakini utekelezaji wake ni wa kubana. Mary Jane hujikunyata nyuma ya makasha, hurusha kitu ili kumvuta mlinzi pembeni, husubiri, kisha hupita. Akionekana, hakuna nafasi ya kukimbia, kudanganya wala kujitetea. Misheni hukatika na unarudishwa nyuma. Mchezaji aliyepewa jiji zima na mamia ya njia za kulipita sasa ana njia moja iliyochorwa na mtu mwingine, na kazi yake ni kuikisia.

Kinachonisikitisha ni kwamba gemu lenyewe lina jibu la tatizo hili. Katika misheni inayofanyika kituo cha treni cha Grand Central, Mary Jane husogea kati ya walinzi huku Spider-Man akiwa amejificha juu, na mchezaji humchagua mlinzi wa kuondolewa, kisha Spider-Man hushuka na kumnyakua. Kwa muda huo Mary Jane anaongoza, ana uwezo wa kuamua, na udhaifu wake wa mwili haumfanyi awe mzigo. Kama misheni zake zote zingejengwa hivyo, zingekuwa miongoni mwa sehemu bora za mchezo.

Hata Spider-Man mwenyewe anaponyemelea, skrini humwambia mchezaji kama adui fulani anaonekana na wenzake au ni salama kumshambulia. Alama hiyo humaliza fikra kabla hazijaanza, kwa kuwa hakuna haja ya kutazama walinzi wanaelekea wapi.

Kazi za pembeni zina tatizo kama hilo. Ukitengeneza mnara wa polisi, ramani hujaa alama, na kuanzia hapo macho hubaki kwenye alama badala ya mitaa. Uhalifu wa barabarani hufurahisha mwanzoni, lakini kulikimbiza gari, kulirukia, kuwaondoa wenye bunduki na kulisimamisha kwa utando ni tukio lilelile katika wilaya zote tisa, wahalifu wakibadilika mavazi tu. Kwa kuwa maboresho hulipwa kwa aina sita za tokeni, na kila aina hutoka katika kazi yake, mchezaji anayetaka vazi fulani hulazimika kurudia kazi aliyoichoka. Mikoba 55 iliyofichwa jijini ni afadhali sana, kwa sababu kila mmoja una kitu cha zamani cha Peter Parker, yaani Spider-Man mwenyewe, na maneno yake mafupi juu yake, na kuutafuta hakudai zaidi ya kubembea.

Anayeanza leo ninamshauri achague kiwango cha juu cha ugumu mapema, maana katika viwango vya chini mvutano wa kile kipimo cha umakini hauhisiki. Asikimbilie kutengeneza minara yote, bali afuate hadithi na kusimama pale tu jambo litakapomvutia njiani. Mafumbo ya saketi na ya maabara yanaweza kurukwa kupitia menyu ya mipangilio, na asiyeyapenda hapungukiwi na chochote cha maana akiyaacha. Misheni za Mary Jane na Miles hazina njia ya mkato kama hiyo, lakini ni fupi.