Saini yangu si yangu, ila mkono wangu eti ni mzima: bima ya magonjwa hatari baada ya kiharusi

Kama saini kwenye fomu haifanani na ya zamani, basi mkono umeharibika. Kama mkono haujaharibika, basi saini ni ileile. Mtu mwenye akili zake hawezi kukataa yote mawili. Kampuni yangu ya bima iliweza. Dai langu la kiharusi lilirudishwa mara ya kwanza kwa sababu saini "haifanani na iliyo kwenye faili, nyaraka hazijakamilika". Lilipofika tena mezani likakataliwa kwa sababu "hakuna ushahidi wa upungufu wa kudumu". Ofisa wa madai alinitazama kuanzia juu hadi chini, akasema, "Lakini mzee, mbona unaonekana mzima tu?" Mkono wa kulia ulikuwa mfukoni. Hakuuliza unafanya nini humo.

Kwa asiyeijua, bima ya magonjwa hatari si bima ya matibabu. Ile inailipa hospitali. Hii inakulipa wewe, kitita kimoja, ugonjwa ulioorodheshwa ukishathibitika, na hakuna anayekuuliza hela umezitumiaje: kodi ya nyumba, mkopo, ada za watoto, mtu wa kukusaidia kuoga. Aliyeibuni ni daktari wa upasuaji wa Afrika Kusini, Marius Barnard, aliyekuwa kwenye timu ya upandikizaji wa kwanza wa moyo wa binadamu mwaka 1967 chini ya kaka yake Christiaan. Aliona wagonjwa wake wanapona halafu wanafilisika, na mwaka 1983 bima ya kwanza ya aina hii ikaingia sokoni ikiwa na magonjwa manne tu: mshtuko wa moyo, saratani, kiharusi, na upasuaji wa kupandikiza mishipa ya moyo. Leo utaoneshwa orodha ya magonjwa thelathini, arobaini, na wakala atayasoma kwa sauti kama anahesabu mahari. Usinunue urefu wa orodha. Madai mengi bado yanatoka kwenye saratani, moyo na kiharusi, kwa hiyo kurasa za hayo matatu ndizo za kusoma mara mbili.

Na usome maelezo ya ndani, siyo vichwa vya habari. Neno "kiharusi" kwenye kipeperushi halilipi mtu. Kinacholipa ni aya iliyo ndani ya mkataba, na aya hiyo kwa kawaida inadai mambo matatu kwa pamoja. Kwanza, sehemu ya ubongo iwe imekufa kwa mshipa kuziba au kupasuka. Pili, picha ya ubongo iunge mkono. Tatu, kubaki na upungufu wa mishipa ya fahamu ambao hautarajiwi kuisha. Kiharusi cha kupita, kile cha mdomo kupinda na kunyooka siku hiyohiyo, hakimo. Damu kuvuja kichwani kwa ajali nako mara nyingi hakumo.

Hapo kwenye picha watu wengi wanakwama bila kujua. CT-Scan ya saa za mwanzo inaweza kutoka safi kabisa hata kama mshipa umeziba, kwa sababu kazi yake kubwa saa hizo ni kuhakikisha hakuna damu iliyovuja. Ukiambatisha hiyo peke yake, ofisa anasoma "hakuna kasoro" na anafunga faili. Ambatisha MRI, ile picha ya sumaku inayoonyesha ubongo kwa undani zaidi, au CT iliyorudiwa baada ya siku kadhaa, pamoja na ripoti ya mtaalamu wa picha yenye saini na tarehe. CD ya picha tupu, bila ripoti, haisomwi na mtu.

Lakini dai langu halikufia kwenye picha. Lilifia kwenye maneno mawili ya ripoti ya kuruhusiwa hospitali: "Anaendelea vizuri." Simlaumu daktari. Daktari anamwandikia daktari mwenzake, na kwa mtu aliyeletwa amebebwa kisha akatoka kwa miguu yake, anaendelea vizuri kweli. Ila mtu wa bima anaposoma hivyo anasoma "amepona". Hakuna aliyempigia daktari kuuliza.

Ripoti inayotakiwa ni nyingine, na ni wewe wa kuiomba. Iandikwe na daktari bingwa wa mishipa ya fahamu, siyo wa zamu. Ifanyike baada ya muda uliotajwa kwenye mkataba wako, kwa sababu mikataba mingine inataka upimwe baada ya wiki sita, mingine miezi mitatu, na ripoti ya kabla ya hapo inatupwa hata ikiwa nzuri namna gani. Iseme vipimo, siyo sifa: nguvu za misuli kwa kipimo cha 0 hadi 5, kiungo kwa kiungo, hisia za ngozi upande ulioathirika, usemi, upana wa eneo ambalo macho yanaona, mwendo. Iseme mambo ya kila siku kwa lugha ya kawaida. Yangu ya pili ilieleza kwamba kidole gumba na cha shahada havikutani kwa nguvu ya kutosha kupitisha kifungo kwenye tundu lake, na kwamba shati la vifungo saba linavaliwa kwa mkono mmoja wa kushoto na msaada wa mtu. Mwisho iwe na sentensi moja ya wazi kwamba, kwa maoni ya daktari huyo, upungufu huu ni wa kudumu. Bila sentensi hiyo, kurasa kumi za vipimo hazikusaidii kitu. Mwonyeshe daktari aya yenyewe ya mkataba, ichapishe umpelekee. Wengi hawajawahi kuiona.

Sasa saini. Hapa ndipo damu inanichemka. Kampuni inayouza bima ya kiharusi haina utaratibu wowote kwa mteja ambaye mkono wake wa kuandikia umepooza! Fomu ya madai ina kisanduku kimoja: saini. Njia zipo, ila hakuna atakayekuambia mpaka uzijue mwenyewe. Unaweza kuweka alama ya dole gumba mbele ya shahidi asiye na maslahi kwenye malipo, yaani wakili au daktari anayekutibu, naye aandike jina, cheo, tarehe, na kwamba umesomewa ukaelewa. Unaweza kuambatisha barua ya hospitali inayosema mkono wa kuandikia umeathirika. Hati ya kumpa mtu uwakili ni bora zaidi, lakini inatakiwa uiweke ukiwa bado na akili timamu na kauli, siyo baada. Mwenye nafasi aifanye leo, pamoja na kumwambia angalau mtu mmoja nyumbani mahali hati ya bima ilipo.

Na barua yao ya kwanza, ile ya "saini haifanani", usiitupe kwa hasira. Mimi niliibandika kama kielelezo namba moja kwenye rufaa. Saini ya kwenye faili upande wa kushoto, saini ya baada ya kiharusi upande wa kulia, na barua yao wenyewe ikithibitisha kwamba mkono uliotia saini hizi mbili haufanyi kazi sawa. Hawakuijibu hoja hiyo. Walilipa. Nakiri siku ile nilicheka peke yangu.

Rufaa yenyewe ina mpangilio. Ukikataliwa kwa mdomo, hujakataliwa. Dai barua, na barua itaje kifungu cha mkataba wanachokitumia. Bila kifungu huna cha kupinga. Jibu kifungu hicho tu, sentensi kwa sentensi, ushahidi ukiwa na namba. Omba daktari wa kampuni ndiye apitie, siyo ofisa wa dirishani. Ikishindikana ndani, kuna mamlaka inayosimamia bima, na kutaja kwa adabu kwamba nakala itapelekwa huko huwa kunafanya faili lipatikane haraka ajabu.

Mengine nayapitia mbio, maana hayakunigusa lakini yanawagusa watu. Kuna kipindi cha kusubiri baada ya kukata bima, mara nyingi siku 90, na ugonjwa ukianza ndani yake hulipwi. Kuna sharti la kuwa hai kwa muda fulani baada ya ugonjwa kuthibitika, siku 14 hadi 30 kwa mikataba mingi. Mgonjwa akifariki kabla ya hapo, bima hii haimdai mtu wala hailipi mtu, labda iwe imeunganishwa na bima ya maisha. Na ikiwa imeunganishwa, uliza kama kitita kinatolewa juu ya ile ya maisha au kinamegwa kutoka humo, kwa sababu hiyo ya kumegwa ndiyo ya bei nafuu na ndiyo wanayokuuzia bila kusema. Saratani ambayo bado haijapenya nje ya tabaka ilikoanzia hulipwa sehemu tu au hailipwi kabisa, na kinachoamua ni ripoti ya patholojia, yaani ya maabara iliyopima kinyama kilichotolewa, siyo barua ya mpasuaji. Mshtuko wa moyo unataka namba za troponini, protini inayovuja kwenye damu misuli ya moyo ikiumia, zenye saa za kuchukuliwa damu, zionyeshe kupanda au kushuka, pamoja na dalili au mabadiliko kwenye ECG, kipimo cha umeme wa moyo. Kuzibuliwa mshipa na kuwekewa stenti, kijibomba cha kuuacha wazi, si sawa na upasuaji wa kufungua kifua, hata kama bili imekutoa machozi yaleyale.

Wakati dai linashughulikiwa, endelea kulipa ada ya bima. Wengine wanaacha wakidhani kuugua kumesimamisha kila kitu. Bima ikikatika baada ya muda wa nyongeza wanaokupa kulipa ada iliyochelewa, kuifufua kunaweza kurudisha kipindi cha kusubiri mwanzo.

Kingine ni fomu ya maombi. Wakala hupenda kuijaza mwenyewe, hapana, hapana, hapana, chini chini hadi mwisho, wewe utie saini. Usikubali. Presha uliyowahi kuandikiwa dawa, hata zamani, iandike. Siku ya dai wataomba faili lako lote la kliniki, na presha iliyofichwa inaweza kuliua dai la kiharusi. Baki na nakala ya majibu yako. Yangu ilikuwa na presha imeandikwa waziwazi, ndiyo maana mlango huo hawakujaribu hata kuugusa.

Je, naipendekeza? Bima, ndiyo. Hesabu mshahara wa mwaka mmoja au miwili ambao hautaingia, ongeza mikopo, ongeza mazoezi ya viungo ambayo bima ya matibabu huyakata katikati, hapo una kiasi cha kukatia. Hela ile ilifanya kazi yake. Nyumba haikuuzwa, hakuna aliyetembeza bakuli kwa ndugu. Kampuni, hapana. Ingawa nikisema ukweli, kampuni nyingine zina fomu ileile na kisanduku kilekile, na hii angalau mwishowe ililipa kitita chote. Kitita chote, baada ya kukishikilia miezi, bila hata senti ya riba ya ucheleweshaji, huku benki ikinitoza riba ya mkopo kila mwezi bila kuuliza saini yangu inafananaje. Nimewaandikia kuhusu riba hiyo. Wamejibu kwamba barua imepokelewa na inafanyiwa kazi. Basi na mimi nyota mbili za tathmini nilizokusudia kuwapa nimezizuia, mpaka nyaraka zao zikamilike.