Ripoti imepotea: Word yenyewe, Recuva au PhotoRec, ipi inaokoa kweli?

Msimu wa kukusanya ripoti za BTP (mazoezi ya kufundisha), steshenari za Mtwara mjini hujaa wanachuo wenye kilio kimoja: niliichapa yote, sasa haipo. Kaunta nyingi hupokea kazi ya kurudisha faili, na chombo kinachotumika huwa kimojawapo kati ya hivi vitatu. Tunavipima hapa kwa namna vinavyofanya kazi pale kaunta, maana wateja wengi hulipia kitu ambacho Word ingewapa kwa dakika mbili.

Word ndiyo inayookoa wengi. Mipangilio isipoguswa, inaweka nakala ya dharura kila dakika 10. Umeme ukikatika (mji jirani na gesi ya Mnazi Bay, lakini hukatika), fungua Word tena na nakala itajitokeza upande wa kushoto. Hapo ndipo wengi wanapojimaliza: wanafunga kile kidirisha harakaharaka, Word inauliza kama mafaili yatunzwe, wanabonyeza "No". Kwisha. Aliyefunga kwa "Don't Save" naye ana pa kuanzia: File, Info, Manage Document, halafu Recover Unsaved Documents. Nakala za huko hujifuta baada ya siku 4, kwa hiyo anayekuja kutoka Tandahimba Jumatatu kutafuta kazi ya Jumanne iliyopita amechelewa. Na aliyechapa dakika saba tu akafunga bila kusevu, hana nakala. Asidanganywe na mtu.

Udhaifu wake ni kwamba nakala hizo hukaa diski C. Mashine za kukodi mara nyingi zimegandishwa kwa programu kama Deep Freeze, na kila zikizimwa na kuwashwa, C inarudi ilivyokuwa mwanzo, nakala zako zikiwemo. Dawa iko kwa mwenye duka: File, Options, Save, ahamishie AutoRecover, yaani hizo nakala za dharura, kwenye diski D isiyogandishwa, na muda aushushe hadi dakika 2. Lakini aiyeyushe mashine kwanza, abadilishe, ndipo aigandishe tena. Asipofanya hivyo, mabadiliko yenyewe yatafutika asubuhi. Duka lililokwisha kufanya hili lina thamani kuliko lenye programu kumi za uokozi.

Flashi ina mambo yake. Kabla ya programu yoyote, washa uonyeshaji wa mafaili yaliyofichwa. Utakuta pengine ~$poti ya BTP.docx, na mteja atashangilia. Mwambie mapema: hilo lina baiti 162, ni alama tu kwamba fulani alikuwa amefungua faili, ndani hamna ripoti. La kutafuta ni lenye jina kama ~WRL0003.tmp. Word ikisevu huandika faili jipya pembeni, la zamani inalipa jina hilo, kisha inalifuta. Flashi ikichomolewa katikati ya shughuli hiyo, toleo la zamani hubaki. Linakili kwenye kompyuta, mwisho wake ubadilishe uwe .docx, fungua.

Kama flashi imejaa shotikati tupu, hakuna kilichopotea. Kirusi kimeficha mafaili tu. Isafishe kwa antivairasi, fungua dirisha la amri, kisha andika attrib -h -r -s /s /d E:\*.* ukiweka herufi ya flashi yako badala ya E. Anayetoza bei ya uokozi kwa kazi hii anakuonea.

Sasa zile programu mbili za kurudisha mafaili. Recuva tunaipa nafasi ya kwanza kwenye faili lililofutwa kwenye flashi, ambako hakuna pipa la taka la kukimbilia. Uzuri wake ni kurudisha jina na folda. Alama ya faili ikiwa kijani kuna matumaini, ikiwa nyekundu usijipe. Tatizo, kwenye flashi ya FAT32 (mfumo wa kupanga mafaili wa flashi nyingi) ukifuta faili, ramani ya vipande vyake hufutika pia. Faili lililokuwa limetawanyika linarudi na ukubwa sahihi lakini halifunguki. Docx ni zipu, furushi moja lililobanwa, ikipungua kipande Word inaikataa. Jaribu "Open and Repair" mara moja, usipoteze mchana mzima.

PhotoRec ni ya bure, ina sura ya kutisha, lakini kwenye flashi iliyofomatiwa inaishinda Recuva. Haisomi majina, inasoma maudhui moja kwa moja. Kwenye File Opt bonyeza s kuondoa alama zote, kisha chagua zip, ambako docx imo, na doc. Ukiacha zote utarudishiwa picha za harusi za miaka mitatu. Matokeo yako kwenye recup_dir yenye majina ya namba, kwa hiyo tafuta kwa maneno ya ndani: jina la shule ya mazoezi hutosha.

Kwa zote mbili, usirudishie faili kwenye flashi ileile, utaandika juu ya unachokitafuta. Na kama lilifutwa kwenye SSD (diski ya kisasa isiyozunguka) ya ndani ya kompyuta, kwa kawaida TRIM, amri inayoiambia diski ifute kabisa nafasi ya faili lililofutwa, imeshasafisha. Hapo hata PhotoRec hutoka mikono mitupu.

Anayepokea kazi akianza kwa kuchomeka flashi na kunakili vitu vyake humo, chukua flashi yako uondoke. Anayeanza kwa kuuliza faili lilikuwa wapi, lilifungwaje na mashine imewashwa mara ngapi tangu hapo, mwachie. Malipo yafuate baada ya faili kufunguliwa mbele yako na kusogezwa hadi ukurasa wa marejeo, maana orodha ya majina kwenye Recuva si ripoti.