Deutschlandticket Kutoka Frankfurt Hadi Köln: Uchambuzi wa Tikiti Inayokuruhusu Kushuka Njiani

Watazamaji wapenzi, karibuni tena kwenye chaneli. Bidhaa ya leo ni tikiti, nayo ni Deutschlandticket, yaani tikiti ya mwezi ya usafiri wa umma Ujerumani nzima, ambayo wengi wenu mnaoishi Ujerumani mnayo tayari kwenye simu na mnaitumia kwenda kazini au chuoni bila kuifikiria sana. Sitaeleza namna ya kuinunua, kwa sababu jambo hilo mnalijua. Itoshe kuwakumbusha wageni kwamba inakubaliwa kwenye treni za mikoa, yaani zile zenye herufi RE, RB na S, pamoja na mabasi na tramu, na kwamba ukiingia nayo kwenye treni ya kasi ya ICE utahesabiwa kuwa umepanda bila tikiti. Ninachotaka kukichambua leo ni kazi moja tu ya tikiti hii, ambayo imenifurahisha kuliko nilivyotarajia: kusafiri kwa siku moja kutoka Frankfurt hadi Köln kwa kufuata bonde la mto Rhein, huku ukishuka mahali penye mandhari nzuri na kupanda tena unapotaka.

Mshindani wake mkubwa ni hiyo hiyo ICE. Reli yake ya kasi kati ya miji hii miwili ilifunguliwa mwaka 2002, treni hufikia kilomita 300 kwa saa, na safari huchukua saa moja na dakika chache. Mwenye mahojiano ya kazi au ndege ya kuwahi apande hiyo, wala sina ugomvi naye. Lakini reli hiyo ilijengwa sehemu kubwa sambamba na barabara kuu ya A3, tena hupita ndani ya mahandaki mengi, kwa hiyo abiria hufika Köln akiwa ameona kuta za zege na malori, ilhali umbali mfupi upande wa magharibi lipo bonde ambalo UNESCO ililiingiza kwenye Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka huo huo wa 2002. Bonde hilo la Rhine ya Kati ya Juu lina urefu wa kilomita 65 hivi, kuanzia Bingen na Rüdesheim hadi Koblenz.

Sasa tuingie kwenye sifa ninayoipenda, na naomba mnivumilie kwa sababu nitakaa hapa kwa muda. Tikiti ya bei nafuu ya ICE inayonunuliwa mapema hukufunga kwenye treni moja na saa moja. Ukiikosa treni hiyo kwa uzembe wako, umeikosa na fedha zako. Deutschlandticket haikufungi kwenye treni yoyote. Chukua mfano wa treni ya RB 26, ambayo hutoka Mainz, hufuata ukingo wa kushoto wa mto, hupitia Koblenz na kuishia Köln, ikisimama karibu kila kijiji, na kwa kawaida huja kila baada ya saa moja. Tuseme umeshuka Bacharach ukikusudia kukaa saa moja, kisha ukavutiwa na njia inayopanda ukutani mwa mji wa kale. Huna haja ya kukimbia. Unaiacha treni ya kwanza ipite, unapanda inayofuata, na hakuna senti iliyopotea. Tuseme tena kwamba umefika Oberwesel, mvua imeanza na hupendi ulichokiona: unabaki ndani ya behewa, unasonga mbele vituo viwili, na mpango wako mzima unajirekebisha wenyewe. Kwa sababu hiyo sishauri kabisa kuandika ratiba ya dakika kwa dakika. Panga kwa saa nzima nzima, jiulize tu kila mahali ukae kwa treni moja au mbili, na jedwali la siku yako limekwisha.

Hapa pana jambo ambalo wageni wengi hulipuuza. Mto una reli pande zote mbili, nazo hazilingani. Upande wa kushoto na wa kulia huhesabiwa kwa kufuata maji yanakoelekea, na Rhein huelekea kaskazini, hivyo ukingo wa kushoto ni wa magharibi. Ukitoka Mainz kwa reli ya ukingo huo, keti upande wa kulia wa behewa, kwa kuwa mto wote uko huko. Ukiketi kushoto utaangalia miamba na kuta za nyuma za nyumba za watu hadi Koblenz. Reli ya ukingo wa kulia, inayopita Rüdesheim, Assmannshausen na Kaub, nayo ina uzuri wake, na kuna wakati nafikiri kwamba ngome za upande wa magharibi huonekana vizuri zaidi kutoka huko. Hata hivyo, kwa safari hii ya siku moja, RB 26 inashinda kwa sababu inakufikisha Köln bila kubadilisha treni.

Jambo la pili la kukumbuka ni kwamba kati ya Mainz na Koblenz hakuna daraja hata moja la kuvuka Rhein. Watu na magari huvushwa kwa vivuko, na mtazamaji aliyezoea Likoni au Kigamboni atajihisi nyumbani, isipokuwa kwamba hapa foleni ni fupi. Vivuko hivyo havimo ndani ya tikiti yetu. Unalipa nauli ndogo papo hapo.

Tuanze safari yenyewe. Ukiondoka Frankfurt saa mbili asubuhi, unafika Mainz na kubadilisha treni, na kabla ya saa nne utakuwa Bacharach. Kituo hiki nakipa treni mbili, yaani takribani saa mbili. Nyumba za mbao na udongo ziko dakika chache kutoka stesheni, na ile iitwayo Altes Haus ni ya mwaka 1368, lakini usiishie kupiga picha barabarani. Panda hadi mnara wa Postenturm ulio katikati ya mashamba ya mizabibu, kwa sababu kutoka juu unauona mji, mto na ngome ya Stahleck kwa pamoja. Ngome hiyo sasa ni hosteli ya vijana, na mwanafunzi mwenye bajeti ndogo anayetaka kugawa safari hii kwa siku mbili aifikirie. Njiani utapita gofu la kanisa dogo la Wernerkapelle, lenye mawe mekundu na madirisha matupu, ambalo kila mtu hulipiga picha. Ni vyema ujue kwamba kanisa hilo lilijengwa kwa kumbukumbu ya kijana aliyefariki mwaka 1287, ambaye kifo chake walisingiziwa Wayahudi, na wengi waliuawa kwa uongo huo. Lipo bamba linaloeleza hayo. Lisome kabla ya kuinua kamera.

Ukitoka Bacharach, simu iwe tayari, maana baada ya dakika chache tu, mkabala na mji wa Kaub, utaiona Pfalzgrafenstein katikati ya mto. Ni ngome nyeupe juu ya kisiwa cha mwamba, ambayo ujenzi wake ulianza mwaka 1327 kwa ajili ya kutoza ushuru vyombo vilivyopita. Huhitaji kushuka. Treni inakupa picha safi, mradi dirisha si chafu, na mara nyingi ni chafu.

Kinachoniudhi sana katika njia hii ni mwamba wa Loreley. Kila kitabu cha utalii kinausifu: una urefu wa mita 132 juu ya maji, mto hubanwa hapo na kupinda, na hadithi inasema kwamba mwanamke aliketi juu yake akiimba hadi mabaharia wakapoteza mwelekeo na kugonga miamba. Abiria anausubiri kwa hamu tangu Oberwesel, na hapo hapo treni inaingia kwenye mahandaki, moja baada ya jingine, yenye milango iliyopambwa kama ngome. Unapata vipande vya mandhari kati ya giza na giza, na ukifumba macho kidogo umeshafika St. Goar. Reli ya upande wa pili haina nafuu, kwa kuwa hiyo hupenya ndani ya mwamba wenyewe. Anayewaambia kwamba Loreley huonekana vizuri kwenye treni hajapanda treni hiyo. Tena wanaovuka na kupanda kileleni hugundua kwamba ukiwa juu ya mwamba unaona mto lakini mwamba huuoni.

Kwa hiyo shuka St. Goar na utembee kando ya maji kuelekea ulikotoka, hadi mahali ambapo mwamba unasimama mbele yako. Simama hapo na uangalie pia meli za mizigo. Kona hii ni kali kiasi kwamba manahodha hawaonani, na kati ya Oberwesel na St. Goar zipo taa za ishara ukingoni ambazo humjulisha nahodha anayepanda mto kama kuna chombo kinachoteremka. Mimi ningeweza kukaa hapo nikiangalia taa hizo hadi treni mbili zipite. Mwenye nguvu za miguu apande pia Rheinfels, gofu kubwa lililo juu ya mji, lililoanzishwa mwaka 1245 na kulipuliwa na majeshi ya Ufaransa mwishoni mwa karne ya 18.

Kuanzia hapo una uamuzi wa kufanya, na nakushauri usifanye yote mawili. Ukishuka Boppard, kuna lifti ya viti inayokupandisha mlimani kwa dakika 20 hivi, na juu yake utaona mto ukijikunja kabisa. Sehemu iitwayo Vierseenblick huonesha Rhein kana kwamba ni maziwa manne yaliyotengana, kwa sababu vilima vinaficha maji yanayoyaunganisha. Lifti hiyo inalipiwa kando na haifanyi kazi majira ya baridi. Ukiipita Boppard, shuka Koblenz, ambako mto Mosel huingia Rhein kwenye ncha ya Deutsches Eck, chini ya sanamu ya Kaisari Wilhelm wa Kwanza. Sanamu ya awali ya mwaka 1897 iliharibiwa mwaka 1945, na hii ya sasa iliwekwa mwaka 1993. Hapo tikiti yetu inajilipa tena, kwa kuwa mabasi ya mji yamo ndani yake. Binafsi nachagua Boppard wakati wa kiangazi na Koblenz wakati wa baridi.

Kutoka Koblenz hadi Köln sikushauri kushuka tena. Siku imekwenda, bonde linapanuka, na uzuri unapungua, ingawa Remagen bado ina minara ya daraja lililotekwa na Wamarekani tarehe 7 Machi 1945 na kuanguka siku kumi baadaye. Ukifika Köln, kanisa kuu lipo nje ya mlango wa stesheni. Kwa kuwa treni yetu inaingia kutoka upande wa Bonn bila kuvuka mto, hupati ile picha maarufu ya minara yake miwili na daraja. Vuka kwa miguu daraja la Hohenzollern hadi upande wa Deutz, kisha geuka.

Tuje kwenye bei, ambapo furaha yangu inapoa. Tikiti hii ilianza Mei 2023 kwa euro 49 kwa mwezi, ikapanda hadi 58 mwaka 2025, na tangu Januari 2026 ni euro 63. Hilo ni ongezeko la euro 14 katika muda usiofika miaka mitatu, nami silipendi hata kidogo. Kwa mkazi anayeitumia kila siku bado ni nafuu, na safari hii anaipata kama nyongeza. Kwa mgeni wa siku moja jibu langu linabadilika. Kundi la marafiki hadi watano na walinganishe kwanza na Quer-durchs-Land-Ticket, ambayo hutumika siku moja nchi nzima kwenye treni hizo hizo za mikoa, ila siku za kazi huanza saa tatu asubuhi na haijumuishi tramu wala mabasi ya mijini. Familia nayo ikumbuke kwamba Deutschlandticket ni ya mtu mmoja: mtoto mwenye miaka 6 na zaidi anahitaji tikiti yake.

Mgeni atakayeamua kuinunua hata hivyo ajue kwamba ni mkataba unaojirudia kila mwezi, na kwa kawaida hukatishwa kabla ya tarehe 10 ili uishe mwisho wa mwezi huo. Mmeniandikia sana mkiomba safari ya ukingo wa kulia kupitia Rüdesheim, na hiyo ndiyo video inayofuata, kwa hiyo wale ambao hawajajiandikisha wabonyeze kitufe sasa. Maswali kuhusu muda wa kukaa kila kituo yaandikeni hapa chini, mkitaja mwezi mtakaosafiri, kwa sababu mwanga wa Desemba humalizika bondeni kabla ya saa kumi na moja jioni na mpango wote hubadilika.