Kuangua mayai ya bata: kuku anayeatamia au mashine ya kutotolea?

Kwa mwenye mayai machache nyumbani, mimi namtetea kuku anayeatamia. Joto na unyevu anavijua mwenyewe, na umeme ukikatika usiku yeye hana habari. Tatizo ni muda. Kuku amezoea siku 21. Mayai ya bata wa kawaida huchukua 28, ya bata bukini karibu 30, na ya bata aina ya Muscovy hufika 35. Chagua kuku mtulivu, mwekee chakula na maji karibu, la sivyo atasusa kiota kabla ya wakati. Ya bukini mpe manne au matano tu, tena uyageuze wewe kwa mkono, maana ni mazito kwake.

Mashine hubeba mengi kwa mara moja, lakini inadai uangalizi. Yenye feni iweke nyuzi 37.5 za Selsiasi. Siku ya saba mulika yai kwa tochi gizani: lenye uhai huonyesha mishipa myekundu iliyotawanyika kutoka kwenye kitone cheusi, lililo wazi kabisa litoe. Baada ya hapo fungua mashine kila siku kwa dakika chache, mayai yapoe, uyanyunyizie maji ya vuguvugu, kama bata anaporudi kiotani amelowa. Siku tatu za mwisho acha kugeuza, ongeza unyevu hadi asilimia 70, na usifungue mfuniko ovyo: utando ukikauka, kifaranga hunaswa ndani ya ganda.

Umeme wako haueleweki? Usinunue mashine bado.