Chupa iliyorudishwa: jioni moja na mjomba kwenye bistro ya Belleville

Mjomba aligema mnazi, pombe ya utomvu wa minazi, huko Kaloleni, Pwani ya Kenya, zaidi ya miaka thelathini, mpaka magoti yalipomkatalia kupanda. Mwezi uliopita alikuja Paris kunitembelea, na siku ya nne akaniambia, "Mwanangu, minara na makanisa nimeyaona. Sasa nipeleke wanakokula wenyeji." Nikajua pa kumpeleka, kwa sababu nami hula huko kila mshahara ukiingia.

Jina la bistro hiyo, yaani mgahawa mdogo wa mtaani, silitaji. Ina viti 24 na wapishi wawili tu, na mwenyewe aliniomba nisimwandike kwa jina kwa kuwa simu anazopigiwa sasa zinamshinda. Iko Belleville, kwenye mteremko chini ya kituo cha metro cha Pyrénées, si mbali na Le Baratin ya rue Jouye-Rouve, ambako Raquel Carena, mpishi mzaliwa wa Argentina, alijipatia sifa kwa chakula kisicho na mapambo na mvinyo wa asili kabla mvinyo huo haujawa fasheni. Mtaa huu na mvinyo wanajuana tangu zamani. Hadi 1860 Belleville ilikuwa kijiji nje ya Paris, nje ya ukuta wa ushuru, kwa hiyo mvinyo uliuzwa kwa bei nafuu na watu wa mjini walipanda kilima kuja kunywa. Hata leo, ndani ya bustani ya Parc de Belleville, kuna kijishamba cha mizabibu. Mjomba alisimama mbele yake mchana huo akikikagua jani kwa jani, akanilaumu kwa nini sikumwonyesha mapema.

Tulifika saa moja na nusu jioni. Nilikuwa nimemweleza mjomba kwamba huku huingii mahali pa watu bila kusema "bonsoir", habari za jioni, na usiposema utahudumiwa kwa uso uliokunjwa. Halikumshangaza hata kidogo. "Ni hodi tu," akasema, akavua kofia, akamsalimia kila aliyekuwa karibu na mlango, wakamwitikia.

Menyu ni ubao mweusi ulioandikwa kwa chaki: vitangulizi vinne, vyakula vikuu vinne, vitamu vitatu. Chakula kikiisha kinafutwa. Msichana anayehudumu huubeba ubao mpaka mezani, akauegemeza kwenye kiti, akaeleza kila kitu kwa subira. Nikatafsiri. Mjomba akachagua mayai ya mayonezi na shavu la ng'ombe. Mimi nikachukua liki, mboga ya jamii ya kitunguu, za siki na haradali, kisha samaki.

Kabla ya chakula ikaja chupa, na ndiyo hasa iliyonifanya nikae niandike.

Nilikuwa nimeagiza mvinyo mweupe wa asili wa bonde la Loire, zabibu aina ya Chenin. Ulikuwa na ukungu kama togwa lililotulia, na ulimpendeza mjomba kwa macho kabla hajauonja. Nikamweleza tofauti yake na wa kawaida. Mvinyo wa kawaida wa dukani mara nyingi hutiwa hamira ya kununua, huchujwa, kisha hutiwa salfaiti usibadilike. Sheria ya Umoja wa Ulaya inaruhusu hadi miligramu 150 kwa lita kwenye mwekundu mkavu na 200 kwenye mweupe. Huu wa asili huachwa uchachuke kwa hamira iliyokuja na zabibu zenyewe kutoka shambani, na mtengenezaji ama haongezi kitu ama hutia salfaiti kidogo sana mwishoni. Tangu 2020 Ufaransa ina alama ya Vin Méthode Nature kwa mvinyo wa namna hiyo: zabibu za kilimo hai, zilizochumwa kwa mkono, na salfaiti isiyozidi miligramu 30 kwa lita.

Mjomba akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Kwa hivyo huu ni mnazi."

Na ni kweli. Mnazi hautiwi kitu. Mgema hupanda asubuhi na jioni, akachanja karara la maua ya mnazi kwa kotama, kisu chake cha kugemea, utomvu ukadondoka ndani ya kibuyu, na hamira iliyo hewani na ndani ya kibuyu huanza kazi kabla yeye hajashuka. Wa asubuhi ni mtamu, wa jana ni mkali, wa juzi ni siki. Mtu aliyekulia kwenye kinywaji hicho hahitaji kufundishwa kwamba kinachochachuka ni kitu hai. Ninachotaka wasomaji wangu wajue ni hiki: sisi tuliotoka Pwani tusiingie kwenye bistro hizi kwa unyonge, tukidhani mvinyo ni elimu ya wenyewe. Ulimi wetu unajua.

Tukaonja. Mimi nilipata tufaha bichi na asali kidogo, nikafurahi. Mjomba akameza, akanyamaza. Akaweka glasi chini. "Mwanzo wake mzuri. Subiri." Nikasubiri. "Umeipata? Nyuma ya ulimi. Ghala la mahindi lililolala panya."

Sikuipata. Nikameza tena, nikahesabu kimoyomoyo, na nilipofika saba au nane ikaja: harufu ya magunia ya zamani, ya bisi zilizoachwa siku mbili, ikang'ang'ania kooni haitaki kuondoka.

Hapo moyo wangu ulishuka, kwa sababu yalishanipata. Mwaka jana, kwenye bistro nyingine upande wa pili wa mfereji, nilirudisha chupa yenye ladha hiyohiyo. Mhudumu aliinusa tu, akaniambia mbele ya wageni wangu kwamba mvinyo wa asili ndivyo ulivyo na kwamba labda sijauzoea. Nililipa yuro 42 kwa chupa ambayo hakuna aliyeimaliza. Nilirudi nyumbani nikijiona mshamba. Sasa nilikuwa na mzee mbele yangu, na sikutaka aambiwe vile.

Nikamwita yule msichana, nikamtafsiria maneno ya mjomba kama alivyoyasema, ghala na panya na yote. Alisimama akamtazama mjomba. "Kasema panya?" Kisha akajimiminia kidogo, akameza, akasimama kimya pembeni ya meza yetu huku watu wa meza ya jirani wakimngoja. Baada ya muda akaitikia kwa kichwa. "Amesema kweli," akasema. Kumbe Wafaransa nao wanauita hivyo hivyo, goût de souris, ladha ya panya. Akatueleza kwamba ni ugonjwa unaoupata zaidi mvinyo usiotiwa salfaiti, na kwamba haunusiki kwenye glasi kwa sababu asidi ya mvinyo huuficha. Ukishameza, mate yakaipunguza ile asidi, ndipo unapojitokeza. Kuna watu wasiouonja kabisa. Mwenye bistro akaja, naye akaonja, akaiondoa chupa. Haikuingia kwenye bili.

Kwangu mimi bistro ya mvinyo wa asili inapimwa hapo. Chupa ikiwa nzuri, kila mtu ni hodari. Kinywaji kisichotiwa dawa lazima mara moja moja kiharibike, na anayekiuza kwa haki ni yule anayekubali kukionja tena mbele yako na kukirudisha. Mjomba alisema hata yeye alimwaga vibuyu vingi maishani, na mteja aliyemwambia ukweli ndiye aliyemtunza.

Tuliletewa Morgon wa familia ya Lapierre, mwekundu wa zabibu za Gamay kutoka Villié-Morgon, Beaujolais. Marcel Lapierre, aliyefariki 2010, ni mmoja wa waliousimamisha mvinyo wa asili Ufaransa: katika miaka ya 1980 alifuata mafunzo ya Jules Chauvet, mfanyabiashara wa mvinyo aliyekuwa pia mkemia, akaachana na dawa za shambani na kupunguza salfaiti hadi karibu na sufuri. Vishada vya zabibu huingizwa pipani vizima bila kupondwa, na uchachukaji huanzia ndani ya tunda lenyewe. Ulikuja umepozwa kidogo, mwepesi, na harufu ya cheri na udongo ulionyeshewa. Mjomba alikunywa glasi mbili akasema huu umegemwa na mtu msafi. Sijui sifa kubwa kuliko hiyo kutoka kwake.

Chakula. Mayai yalikuwa mayai: yamechemshwa kiini kikabaki laini katikati, juu yake mayonezi nzito yenye haradali iliyopanda puani. Yuro 8, na ningekula tena kesho. Liki zilikuwa baridi mno, zimetoka frijini dakika ile ile, siki ikawa imelala. Samaki wangu aliiva vizuri lakini chumvi ilizidi kwenye mchuzi wa siagi, na nilimwambia msichana alipouliza.

Shavu la ng'ombe ndilo lililotunyamazisha. Lilikuwa limepikwa kwa mvinyo mwekundu kutoka asubuhi, karoti na vitunguu vimeyeyukia ndani, mchuzi mweusi unaong'aa unaoshika mgongo wa kijiko. Shavu ni nyama inayofanya kazi siku nzima ya kutafuna, ina nyuzi na gundi nyingi, ukiipika kwa haraka inakuwa mpira. Hii mjomba aliigusa kwa uma ikafunguka yenyewe. Chini yake viazi vya kuponda vyenye siagi nyingi. Alikula polepole, hakusema neno, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kama ni aibu kuchovya mkate. Nikamwonyesha meza ya jirani: bwana mmoja mwenye suti alikuwa akiifuta sahani yake kwa kipande cha mkate mpaka ikawa nyeupe. Mjomba naye akafuta yake. Mkate huongezwa bila malipo, na maji ya bomba pia ni bure. Tangu 2022 sheria inawataka waandike wazi kwamba unaweza kuyaomba, kwa hiyo usilazimishwe kununua ya chupa.

Tuligawana kitamu kimoja, île flottante: ute wa yai uliopigwa ukawa povu, ukiogelea juu ya kastadi ya vanila, na sukari iliyounguzwa juu yake. Kizuri, chepesi, si cha kukumbuka.

Meza zimefunikwa karatasi, na wakati tukingoja chakula mjomba alimwomba msichana kalamu. Akachora mnazi, kibuyu kikining'inia kwenye karara, na pembeni kotama na mpini wake. Mwenye bistro akaja kuuliza, mimi nikatafsiri, na wale wawili wakaingia kwenye mazungumzo ya visu: jinsi mkata mizabibu wa Beaujolais anavyonoa mkasi wake na jinsi mgema anavyonoa kotama kabla ya kila mpando. Niliwatafsiria robo saa nzima na samaki wangu akapoa. Sikujali.

Sasa mengine. Meza zimebanana, ukitaka kuzungumza siri usiende. Kelele baada ya saa tatu ni nyingi. Choo kiko chini, kwa ngazi nyembamba ya kuzunguka isiyo na mshikio upande mmoja, na kwa mzee mwenye magoti mabovu lilikuwa tatizo la kweli. Ilibidi nimtangulie nikishuka kinyumenyume. Asiyekula nyama wala samaki atapata kitangulizi kimoja tu. Tulingoja dakika 35 kati ya kitangulizi na chakula kikuu.

Bili ilikuwa yuro 121 kwa watu wawili, chupa ya Morgon ikiwa yuro 39. Mjomba aliihesabu kwa shilingi, akasema ni karibu mbuzi wawili wa Mariakani, na hakutania, wala mimi sikumficha kwamba huku ndivyo maisha yalivyo. Ukitaka kupunguza, nenda mchana: kitangulizi na chakula kikuu ni yuro 24, na mvinyo unauzwa kwa glasi. Huduma imo ndani ya bei, kama ilivyo Ufaransa yote, kwa hiyo bakshishi si deni. Tuliacha yuro 5 kwa hiari yetu.

Hufunga Jumapili na Jumatatu. Piga simu siku tatu kabla, na omba meza ya dirishani kama una mzee. Tulipokuwa tukitoka, mwenyewe alikuwa ameikata ile karatasi yenye mnazi, akaibandika ukutani kando ya ubao. Akamwambia mjomba kwamba Alhamisi atapika matumbo. Tumeshaweka meza.